Kitone Chekundu

Saa kumi na moja jioni, Rybnik imekwisha kuwa usiku.
Januari ya huku haina mswalie mtume.
Ukutani ofisini ramani inapumua:
vihisi mia na arobaini juu ya nguzo za taa,
pua zisizo na nyuso,
vinanusa, vinahesabu, vinaleta habari.
Kijani bustanini. Manjano penye shule.
Na kule nyuma ya reli iliyokufa pamoja na mgodi
kitone kimoja chekundu kinazidi kuiva
kama jipu.

Naijua nyumba hiyo.
Kipandio cha tatu cha ngazi yake hulia ukikikanyaga;
nilijifunza kukiruka nikiwa na miaka kumi na sita,
nikirudi usiku viatu mkononi.

Ireneusz, mwenzangu wa zamu, ameona nilichoona.
Anachovya biskuti katika chai, anachelewa kuitoa,
inakatika, inazama.
"Niirushe mimi?"
Hapana, nasema.

Kanuni ni fupi kuliko sala:
ikipita mia mbili kwa nusu saa, droni iende ikanuse dohani.
Basi naipitisha juu ya mapaa yenye theluji chafu
hadi pale moshi unapotoka mzito, wa kahawia,
usiotaka kupanda,
unaoteremka ukutani kama paka anayerudi ndani.
Skrini yaandika: formaldehaidi. Kloridi ya hidrojeni.
Mashine inasema: mbao za rangi, gundi, plastiki.
Mimi nasoma: kitanda cha ghorofa,
kile cha buluu,
mimi juu, Rajmund chini,
Rajmund ambaye sasa yuko Dortmund na hutuma picha za magari.

Halafu baba anatoka uani na ndara zake,
anainua uso kwenye kamera,
anapunga mkono.

Alojzy Kubica. Miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi.
Mara tatu nimempelekea fomu za tanuri jipya,
mara tatu zimerudi: hapa sahihi, pale muhuri,
hati ya kiwanja cha babu aliyezikwa na siri zake.
Makaa ya wastaafu, yale ya kila vuli, yaligeuzwa pesa,
na pesa ikageuka dawa.
Nani wa kumfundisha mtu huyu habari za moshi?
Kifuani ana vumbi ambalo ramani yetu haikuliwahi,
lililoingia kabla hatujavumbua rangi ya kulipaka.

Nakwenda kwa miguu na kitabu cha faini.
Kipandio cha tatu kinalia.
Sikukiruka.
"Nilijua ni wewe," anasema. "Wengine hupita tu.
Wewe ulikaa juu ya paa kama nzi aliyefiwa."
Najaza: jina, tarehe, zloti mia tano.
Fomu haina mahali pa kuandika: mwanawe.
Anatia sahihi bila miwani, polepole,
kama zamani aliponiruhusu kwenda safari ya shule.

Kando ya jiko umebaki mguu mmoja wa kitanda, ule mrefu,
wenye alama za penseli:
Jagoda, sita. Jagoda, saba.
Rajmund, tano, akiwa amenyanyua visigino.
Anautazama. Ananitazama.
Nauchukua, naulaza mapajani.
Moto unajifia wenyewe.

Saa mbili simu inaita.
"Kimekuwa cha chungwa," asema Ireneusz,
kisha, baada ya kimya kirefu: "Manjano."
Najua, namwambia.
Tumekaa jikoni na makoti yetu,
vinywani mwetu vinatoka vijiwingu vyeupe
ambavyo hakuna nguzo inayovihesabu.